Gari Lililojipigia Resi

Jumamosi, tarehe 14 Machi, injini iliwashwa saa mbili na dakika kumi asubuhi. Iliachwa ipate moto kwa dakika nne, kwa kuwa mwenye gari hakuwahi kuondoa gari baridi tangu apewe leseni. Saa mbili na dakika kumi na nne aliingiza gia ya nyuma, akatazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto, akamwona mkewe amesimama kando ya nguzo akishikilia geti lisijirudishe, kisha akaanza kuachia klachi. Kati ya hapo na saa mbili na robo hakuna aliyeangalia saa. Ilipotimia saa mbili na robo, mama alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye nguzo, mguu wa kulia umeelekea upande ambao mguu hauelekei, na injini ilikuwa imezimika. Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika thelathini na nane. Picha ya mfupa ilipigwa saa nne kasorobo, ikaonyesha kwamba paja limevunjika mahali pawili. Hadi daktari alipotoka chumba cha upasuaji, saa kumi na dakika ishirini jioni, baba alikuwa amesema sentensi mbili tu, akizirudiarudia kwa kila aliyemkaribia: "Sikukanyaga mafuta. Gari limejipigia resi lenyewe."

Hesabu hiyo ya saa iliandikwa na binti yao katika daftari la jalada gumu, kwa kalamu ya bluu, maana hata siku ile hakuacha desturi yake. Alikuwa fundi wa magari mwenye umri wa miaka ishirini na sita. Chuo cha ufundi alisoma miaka mitatu, msichana pekee katika darasa la watu ishirini na wawili, na gereji alikoajiriwa baadaye walimbatiza jina la Milimita siku ya tatu tu, walipomwona akipima kwa rula nafasi kati ya spana na spana ubaoni. Hakulikataa jina hilo, wala hakulifurahia. Watu wakimtania alijibu kwa neno moja au mawili, akarudi kwenye kazi yake.

"Milimita, leo umeshapima kivuli chako?" fundi mkuu alikuwa akimwuliza karibu kila asubuhi.

"Bado, fundi. Jua halijakaa sawa."

Fundi mkuu mwenyewe aliitwa Sikio. Alikuwa na bisibisi ndefu kama mkono wa mtoto. Aliitia ncha kwenye chuma cha injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, na alipofumbua alikuwa na jibu. Mara nyingi jibu lilikuwa sahihi. Wawili hao walifanya kazi miaka minne bila kuelewana hata mara moja kuhusu njia, wakaelewana karibu mara zote kuhusu ubovu.

Baba yake Milimita aliendesha gari la wagonjwa kwa miaka thelathini na mmoja. Wauguzi walimwita Taratibu. Inasemekana siku moja walimwekea kikombe cha maji kilichojaa juu ya dashibodi, akaenda nacho hadi hospitali nyingine na kurudi, na kikombe kikarejea kama kilivyoondoka. Hakuwa na mali ya kujivunia, wala cheo. Alichokuwa nacho ni hicho kikombe, na leseni isiyo na doa. Alipostaafu alinunua gari dogo la mtu mwingine aliyestaafu, lenye kabureta na madirisha ya kuzungusha kwa mkono, akalitunza kama mtu anayetunza mboni ya jicho lake.

Kaka yake Milimita, mzaliwa wa kwanza, alifundisha jiografia. Ndiye aliyechukua funguo. Alizichukua palepale kwenye benchi la hospitali, kwa upole, kutoka mfukoni mwa koti la baba.

"Baba, una miaka sabini na mmoja sasa."

"Umri wangu naujua, mwanangu. Mimi ndiye niliyeuishi."

"Watu wanachanganya pedeli, baba. Inatokea duniani kote. Si aibu."

"Kama si aibu, mbona unasema kwa sauti ya chini?"

Mwalimu alimgeukia dada yake na kumvuta pembeni, karibu na mlango wa stoo ya mashuka. Alimwambia kwamba kikao cha familia kitakuwa Jumapili ya tarehe 29, mama akiwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshazungumza naye, atakuja Jumatatu yake.

"Una siku kumi na tano," alisema. "Ukipata ubovu, mimi mwenyewe nitamwomba baba radhi mbele ya kila mtu, na funguo nitamrudishia kwa mikono miwili. Usipopata, gari linakwenda, na baba asahau usukani. Hilo halina mjadala, mdogo wangu. Yule ni mama."

"Nitapata," alisema Milimita.

Gari lilivutwa hadi gereji Jumatatu, na kaka akamkabidhi Milimita funguo kwa ajili ya kupima. Bampa la nyuma lilikuwa limebonyea kidogo sana, kiasi cha milimita kumi na moja, jambo ambalo lilimuumiza zaidi kuliko kama lingekuwa limesagika. Ilikuwa haki kwamba kitu kilichovunja paja la mama yake kibebe alama kubwa kuliko hiyo.

Kila jioni, kuanzia saa kumi na moja kazi zikiisha hadi saa moja giza linapoingia, alilishughulikia gari la baba. Alianza na mambo ya wazi. Zulia la sakafuni halikuwa limejikunja chini ya pedeli. Dakika kumi na tano. Springi ya kurudisha pedeli ilikuwa na nguvu zake zote, nusu saa. Kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofunguka ili injini ivute hewa zaidi, kilifunguka na kufunga bila kukwama hata alipokichezesha mara mia mbili, akihesabu. Mabomba madogo ya hewa, ambayo yakipasuka huifanya injini ipandishe mlio yenyewe, aliyapuliza moja baada ya jingine ndani ya beseni la maji akitafuta povu. Hapakuwa na povu. Alifungua kabureta, akaisafisha, akaifunga. Aliwasha injini na kuiacha iungurume saa nzima, boneti wazi, yeye amesimama pembeni na daftari. Injini iliungurumia chini, kwa adabu, kama mgeni aliyeonywa. Alikanyaga mafuta, ikapanda. Aliachia, ikashuka. Aliiwasha ikiwa baridi, akaiwasha ikiwa ya moto. Aliwasha taa zote, akawasha feni. Siku ya tisa daftari lilikuwa na kurasa kumi na saba za majaribio, na mwisho wa kila ukurasa neno lilikuwa moja: *Sawa*.

Hakuwahi kulichukia neno kama alivyolichukia hilo.

Siku ya kumi alimwomba Sikio. Fundi mkuu alikuja na bisibisi yake, akaizunguka injini yote kama daktari anayezunguka kifua cha mgonjwa, akafumba macho muda mrefu kuliko kawaida yake. Alipofumbua hakumtazama usoni.

"Gari hili ni zima, Milimita."

"Lilipiga resi, fundi."

"Mimi nimekuambia nilichosikia." Alifuta ncha ya bisibisi kwa tambara, pole pole. "Magari hayadanganyi. Hayana sababu. Mzee wangu mimi, kabla hajafariki, alikuwa anatia chumvi kwenye chai na kubisha kwamba ni sukari. Tulicheka weee, mpaka siku tuliyoacha kucheka."

"Baba hatii chumvi kwenye chai."

"Sijasema anatia."

Usiku ule hakulala vizuri, lakini kilichomvunja moyo hasa kilitokea asubuhi yake. Alipoingia jikoni, alimkuta baba ameketi kwenye kiti cha mbao, ameukabili ukuta, mikono ameinyoosha mbele kidogo. Amevaa kandambili. Mguu wa kushoto ulibonyeza sakafu na kuinuka. Mguu wa kulia ulibonyeza, ukainuka, ukahamia kulia upana wa kiganja, ukabonyeza tena. Klachi, breki, mafuta. Klachi, breki, mafuta. Aliirudia kama mwanafunzi siku ya kwanza, yeye aliyeendesha miaka thelathini na mmoja. Kisha alifumba macho, akauhamisha mguu wa kulia, akafumbua na kuchungulia chini kuona umeangukia wapi.

Milimita alitaka kurudi nyuma, lakini ubao wa mlango ulilia.

"Njoo tu," alisema baba bila kugeuka. "Wewe ni fundi, nikuulize kitu cha kifundi. Mguu unaweza kufanya jambo bila kumwarifu mwenyewe?"

"Baba, bado sijamaliza kupima."

"Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya kumi na moja."

"Gari halina kona za kupima siku kumi na moja, mwanangu. Mimi nimelijua lile gari kabla yako." Alishika tama. "Mwanzoni nilikuwa naona wazi kabisa: mguu wa kulia uko juu ya breki, haujagusa kitu. Sasa nikifumba macho naona yote mawili. Naona uko kwenye breki, na naona uko kwenye mafuta. Na kila siku ile picha ya pili inang'aa kidogo zaidi."

Mama naye alirudishwa nyumbani tarehe 25, kitanda chake kikawekwa sebuleni kwa kuwa chumbani palikuwa na ngazi mbili. Milimita alipomgeuza mto, mama alimwambia kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia habari za soko: "Nilimwona akinitazama kwenye kioo. Tulitazamana. Miaka arobaini na miwili nimeolewa naye, hajawahi hata kufunga mlango kwa kishindo. Sijui niamini nini. Najua tu kwamba nikisikia hatua zake nyuma yangu, mwili unaruka kabla sijaukataza."

Kwa hiyo baba aliacha kupita nyuma ya kitanda. Alizunguka kupitia uani, hata mvua iliponyesha.

Zilikuwa zimebaki siku nne. Maji yalimfika Milimita shingoni. Alizisoma upya kurasa zote kumi na saba, akijilazimisha kuzisoma kama kazi ya mtu mwingine asiyempenda, na ndipo alipoona kitu ambacho hakikuwa kwenye ukurasa wowote. Majaribio yote yalifanywa gari likiwa huru, bila gia.

Sababu yake ilikuwa sheria ya gereji. Miaka mingi kabla hajaajiriwa, gari lililokuwa kwenye gia lilimbana fundi mmoja ukutani, na tangu hapo Sikio aliandika kwa rangi nyekundu juu ya benchi la kazi: BONETI WAZI, GIA HURU. Hakuna aliyewahi kuivunja. Ilikuwa sheria nzuri. Lakini maana yake ni kwamba katika gereji ile, kwa miaka kumi na minane, hakuna jicho lililowahi kuitazama injini ikivuta mzigo. Waliitazama ikiwa imepumzika, wakasema ni nzima.

Na baba hakuwa kwenye gia huru. Alikuwa anarudi nyuma.

Jumapili, tarehe 29, saa tatu asubuhi, gereji ikiwa imefungwa, Milimita aliweka magogo manne mbele na nyuma ya magurudumu, akavuta breki ya mkono hadi mwisho, akapima kama magogo yamekaa sawa, akapima tena. Palihitajika mtu wa kuketi kwenye usukani. Alikuwa mmoja tu aliyestahili.

Baba alisimama kwenye mlango wa gari muda mrefu kama mtu anayebisha hodi nyumba ya msiba. Alipoketi, aliwasha injini, akaiacha ipate moto.

"Sitaki kuua mtu mwingine," alisema.

"Hujaua mtu, baba. Na mimi nitasimama ubavuni, si mbele wala nyuma. Mguu wa kulia weka kwenye breki, ubaki hapo hapo. Ingiza gia ya nyuma. Achia klachi kidogo tu, mpaka uone gari linataka kuondoka."

"Kidogo kama nini?"

"Kama una kikombe cha maji kwenye dashibodi."

Baba alimtazama. Halafu aliingiza gia, akaachia klachi taratibu, na Milimita akaiona injini nzima ikiinama. Iliinamia mbele, ikajitenga na ukuta wa chuma unaoigawa na chumba cha dereva, kama mzee anayeinuka kitini. Moja ya raba nne zinazoishikilia, ile ya nyuma, chini, isiyoonekana ila ukijikunja, ilikuwa imechanika yote. Gari likienda mbele, injini huegemea nyuma, na raba iliyochanika hulala bila kusumbua. Likirudi nyuma, injini huinama mbele, na hapakuwa na kitu cha kuizuia. Ilipoinama ilivuta kebo ya mafuta, ule waya unaotoka kwenye pedeli na kwenda kukifungua kipepeo. Kebo ilikaza kama uzi wa kupimia ukuta. Kipepeo kikafunguka. Injini ikanguruma, na iliponguruma ikainama zaidi, na ilipoinama zaidi ikavuta zaidi. Gereji nzima ikajaa mlio. Magogo yakalia.

"Klachi, baba!"

Mlio ukakatika. Injini ikarudi mahali pake, ikaungurumia chini kwa adabu ileile.

Baba alikuwa amebaki na macho wazi. Aliinama akatazama mguu wake wa kulia. Ulikuwa juu ya breki. Aliutazama kama mtu aliyeletewa ndugu aliyedhaniwa amezama.

"Si mguu wako," alisema Milimita. "Baba, haukuwa mguu wako."

Baba alizima gari, akatoka, akaegemea mlango na kulia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Dakika zile chache, Milimita aliandika baadaye, zilikuwa saa tatu na dakika arobaini na moja hadi saa tatu na dakika arobaini na nne. Hakuna furaha nyingine aliyoipata katika jambo hili, na hiyo ilidumu dakika tatu.

Kwa sababu dakika ya nne aliinama kuitazama kebo vizuri, ili aiandike. Katikati yake, ilikuwa imebanwa kwenye bodi kwa kibanio kidogo cha plastiki cheusi, mkia wake umekatwa sawasawa kabisa. Fundi mwingine yeyote angeuacha mkia unaning'inia. Kuna mtu mmoja tu katika gereji ile aliyekata mikia ya vibanio kwa wembe, usawa wa kucha.

Alifungua daftari, akarudi nyuma hadi Jumapili ya tarehe 22 Februari, siku aliyomfanyia baba usafi wa injini kama zawadi. Maandishi yalikuwa yake, yamepangwa vizuri. *Kebo ya mafuta ilikuwa na mkunjo mkubwa usio na kazi, unagusa bomba. Imenyooshwa na kubanwa. Raba ya nyuma ya injini ina ufa, kina milimita tatu. Isubiri huduma ijayo.*

Mkunjo usio na kazi. Waliolitengeneza gari waliuacha mkunjo ule makusudi, ili injini ikitikisika kebo iwe na pa kupumulia. Yeye aliona uzembe, akaunyoosha. Ufa aliupima kwa usahihi, akauacha usubiri, na katika siku ishirini ufa ukamaliza kazi yake.

Hakuwa na tabia ya kuficha. Alimpa baba daftari, kidole kwenye mstari. Baba alisoma akiwa ameliweka mbali na macho, kisha akaenda mwenyewe kuinamia injini. Aligusa kibanio kwa kidole gumba.

"Ule mkunjo niliukuta," alisema. "Nilikuwa nauona kila nikipima oili."

"Nimemvunja mama mguu, baba."

"Nyamaza kwanza." Alikaa juu ya gogo. Alikuwa amekauka machozi kabisa. "Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi iishie kwangu. Sikiliza. Mimi nikikosea, gari linauzwa, mzee anapanda basi, mwisho. Wewe ukikosea, nani atakuletea tena breki zake uzitengeneze? Wataanza kusema, yule aliyemkanyaga mama yake. Ufundi wako utakuwa umekufa kabla hujafika thelathini."

"Nitasema kwenye kikao."

"Sema. Mdomo ni wako," alisema baba, akainuka kwa kushika goti. "Kanawe mikono, tutachelewa."

Bomba la maji lilikuwa nyuma ya gereji. Milimita alinawa kwa dakika tano, kwa sababu grisi ilikuwa imeingia kwenye kucha, na kwa sababu hakutaka kurudi haraka. Aliporudi, baba alikuwa amekwisha kuishusha boneti na kusimama nje, mikono mfukoni. Milimita alifunga mlango wa gereji kwa kufuli.

Kikao kilianza saa tisa alasiri sebuleni, kiti cha kila mtu kimegeuzwa kuelekea kitanda cha mama. Milimita alisimama, akasoma daftari. Hakusoma kwa kilio; alisoma kama alivyofundishwa kusoma taarifa ya kazi, tarehe, kilichokutwa, kilichofanyika, matokeo. Alipomaliza, Mwalimu alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Kwa hiyo unasema ni wewe."

"Ndiyo, kaka. Ni mimi. Baba hakukanyaga chochote."

Mama alikuwa anamtazama baba, aliyeketi karibu na mlango.

"Binti yangu ana moyo mzuri kupita kiasi," alisema baba. "Siku kumi na tano ametafuta ubovu hakuupata, sasa anataka kuwa ubovu yeye. Nilikanyaga mimi. Nakumbuka."

"Baba, umeona kwa macho yako. Asubuhi hii hii!"

"Niliona injini inatikisika. Gari kuukuu hutikisika."

"Twendeni gereji," alisema Milimita. "Kaka, wewe ndiye utakayeketi kwenye usukani. Twendeni sasa hivi."

Walikwenda watatu kwa miguu, na Sikio, aliyeishi nyuma ya gereji, akatoka kuona kelele ni za nini. Alipoona magogo na boneti ikifunguliwa, alitazama maandishi yake mekundu ukutani, kisha akasogea pembeni. Mwalimu aliketi, akafuata maelekezo moja moja. Gia ya nyuma. Breki. Klachi kidogo. Injini iliinama, kila mtu aliiona ikiinama. Haikunguruma. Iliinama na kuungurumia chini, ikarudi.

"Tena," alisema Milimita.

Iliinama tena. Haikunguruma.

Alisogea karibu. Kebo ilikuwa imelegea, imejikunja mkunjo mpana, wa uvivu, ukigusa bomba, kama ilivyokuwa kabla ya tarehe 22 Februari. Kibanio hakikuwepo. Alitafuta chini ya injini kwa tochi, hakuona hata kipande. Baba alikuwa amesimama mlangoni, mkono wa kulia mfukoni, mahali alipozoea kuweka kisu chake kidogo cha kumenyea machungwa.

"Amekikata," alisema Milimita. "Baba, umekikata. Nitafunga kingine sasa hivi, mtaona."

"Ukifunga wewe mwenyewe ili lingurume, mdogo wangu, tutakuwa tumeona nini?" Mwalimu alishuka garini. Alimshika bega, na ule upole wake ulikuwa mbaya kuliko kofi. "Huhitaji kufanya hivi. Hakuna anayemchukia baba."

Sikio aliinama juu ya injini. Kwenye kebo, kati ya vumbi la miezi, palikuwa na pete nyembamba safi, upana wa kibanio. Aliipitishia kidole gumba, akamtazama Milimita, akamtazama mzee aliyesimama mlangoni. Alichukua muda mrefu kana kwamba ameweka bisibisi sikioni.

"Raba imechanika," alisema mwishowe. "Peke yake hailipigishi gari resi. Mimi nitaandika hiyo raba tu."

Jumatatu mnunuzi wa vyuma chakavu alilipakia gari kwenye lori. Milimita aliendelea na kazi, na hakuna mteja aliyemkimbia. Kila kebo aliyoishika aliiachia mkunjo, na Sikio hakumwuliza tena habari za kivuli chake. Mara moja, mwezi wa tano, alijaribu tena kwa mama, wawili tu, akiwa na daftari mkononi. Mama alikuwa anajifunza kutembea kwa mkongojo kati ya meza na dirisha. Alisimama kusikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Baba yako alikiri mbele yangu, na imenichukua miezi miwili kumsamehe. Nimechoka. Usiniletee mtu mwingine wa kusamehe."

Baba naye akawa mzungumzaji. Jirani akimwuliza habari za mguu wa mama, alieleza jinsi soli ya kiatu ilivyoteleza kutoka breki kwenda mafuta, na kila aliposimulia palikuwa na kitu kipya: rangi ya soli, unyevu uliokuwa chini yake, sauti ya pedeli ikigonga sakafu. Siku moja Milimita alimfuata uani na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba pale hapakuwa na jirani, hakuna haja ya kusema vile. Baba alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Kusema vipi?" aliuliza.

Leseni yake ilimaliza muda wake mwaka uliofuata, tarehe 9 Aprili. Hakwenda kuihuisha.